Zimamoto na ambulensi za Tanga na majirani: kila mmoja na yake, kusaidiana, au kuungana kabisa?

Kata ya Kigombe iko Wilaya ya Muheza, lakini kwa barabara imekaa pwani, katikati ya Tanga na Pangani. Nyumba ikishika moto pale, au mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, makao makuu ya wilaya yake yako bara, ilhali Jiji la Tanga na mji wa Pangani wako kwenye barabara ileile inayopita kijijini. Gari litoke wapi? Na nani mwenye kauli ya kulitoa?

Maswali ya namna hii ndiyo yanayoifanya miji jirani sehemu nyingi duniani ijadili kama iunganishe zimamoto na magari ya wagonjwa. Ulinganisho huu nimewaandikia watu wa Jiji la Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga: diwani atakayetakiwa kunyoosha mkono kikaoni, mwenyekiti wa mtaa anayegongewa mlango usiku wa manane, na mwananchi anayetaka kujua aulize nini mkutanoni.

Njia ziko tatu. Ya kwanza, kila halmashauri ibaki na magari yake. Ya pili, kila mmoja abaki na mali yake lakini wafunge mkataba wa kusaidiana na simu zipokelewe chumba kimoja. Ya tatu, waungane kabisa: chombo kimoja, bajeti moja, mkuu mmoja. Hakuna inayofaa kila mahali, maana Mkinga si Jiji na Pangani si Muheza. Ila kuna jambo moja ninalolishikilia: moto na mgonjwa havisubiri kwa kiasi kimoja, kwa hiyo jibu la zimamoto si lazima liwe jibu la ambulensi. Kuyapigia kura mawili kwa mkono mmoja ndiko kunakoharibu mijadala mingi ya aina hii.

Tunaanzia wapi

Zimamoto hapa kwetu si mali ya halmashauri. Zamani ilikuwa chini ya majiji na manispaa, kisha sheria ya mwaka 2007 ikaleta Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na linapigiwa 114. Kwa maana hiyo zimamoto za miji yetu zilishaunganishwa mara moja, kwa kwenda juu.

Ambulensi ni habari nyingine. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya halmashauri, na msimamizi ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, iko chini ya Wizara ya Afya. Hospitali Teule ya Muheza ni ya Kanisa la Anglikana. Juu ya hayo kuna M-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2022; namba yake ni 115. Anayesema "tuunganishe" anagusa wizara mbili na TAMISEMI, pamoja na kanisa. Wakurugenzi wanne peke yao hawalimalizi.

Vigezo

Nimezipima njia zote tatu kwa mambo matano: muda wa kufika, amri ya kutoa gari, fedha, watu na vifaa, na nani anaulizwa mambo yakiharibika.

La muda linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndilo linalogawanya zimamoto na ambulensi. Chumba chenye magodoro ya sponji na makochi kinaweza kushika moto chote ndani ya dakika chache tu. Gari la zimamoto likitoka Tanga kwenda Muheza, safari isiyofika kilomita 40, halitakikuta chumba hicho. Litakuja kuokoa nyumba za pembeni. Kuunganisha ofisi hakusogezi kituo hata hatua moja. Moto wa aina hiyo dawa yake ni kituo cha karibu, maji ya karibu, na majirani waliofundishwa kuzima umeme na gesi mapema.

Mgonjwa ana vipimo vyake. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila mtu kusukuma kifua inaondoa karibu asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya kupona. Huyo naye anategemea aliye pembeni yake, si gari la wilaya ya pili. Lakini mama anayetokwa damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2, na hapo kilomita 40 au 50 za lami ni umbali unaoshindika. Mtoto mchanga anayehema kwa shida, majeruhi wa bodaboda aliyevunjika paja, mgonjwa wa rufaa: wote hawa gari la jirani linaweza kuwaokoa, mradi litoke mara simu inapopigwa. Ndiyo maana naona faida ya kushirikiana ni kubwa zaidi kwa ambulensi kuliko kwa zimamoto ya kila siku.

Mioto mikubwa ni suala la peke yake. Tanga kuna bandari, kuna bohari za mafuta, na Chongoleani ndiko mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda. Moto wa tangi la mafuta huwaka kwa saa nyingi, hivyo hata gari linalofika baada ya saa nzima bado lina kazi.

Njia ya kwanza: kila halmashauri na magari yake

*Muda.* Kwa mtu wa Ngamiani, Chumbageni au Makorora, au wa Muheza mjini, njia hii haina ubaya mkubwa. Hospitali iko karibu. Wanaoumia ni wa mipakani: Kigombe, Ngomeni, na vijiji vya Mkinga vinavyopakana na Mabokweni. Wanaumia pia wote siku ambayo gari pekee la wilaya liko gereji, au limekwenda Bombo na mgonjwa mwingine.

*Amri.* Hapa njia hii ina nguvu. Mganga Mkuu anamjua dereva kwa jina, dereva anamjua muuguzi wa zamu, na simu moja inatosha. Hakuna kuuliza mkoa. Udhaifu wake unaonekana gari linapotakiwa kuvuka mpaka: hapo mambo yanategemea kujuana, na kujuana kunalala usiku.

*Fedha.* Kila halmashauri inalipa kwa uwezo wake, na uwezo haulingani. Jiji lina bandari na viwanda. Pangani na Mkinga zinategemea zaidi uvuvi, minazi na mashamba. Wenzetu wa Kenya wamekwenda njia hii kwa maandishi: Katiba yao ya 2010 inazipa kaunti kazi ya zimamoto na ya ambulensi, zote mbili. Ukivuka Horohoro umeingia Kwale, kaunti yenye jukumu lake, na kaskazini yake iko Mombasa yenye lake. Kaunti inayojali inaweza kufanya mengi bila kungoja Nairobi. Mkazi wa kaunti yenye mfuko mdogo naye anapata kile ambacho mfuko huo unaweza kulipia.

*Watu na vifaa.* Dereva wa Muheza aliyezoea kupanda Amani anajua kona zinazoteleza mvua ikinyesha na anajua mahali mtandao wa simu unapokatika. Ujuzi huo haupatikani kwenye ramani, na njia hii inaulinda. Lakini wilaya yenye ambulensi mbili tatu haiwezi kuwa na fundi wake, vipuri vyake, wala zamu ya kutosha ya wauguzi wa kusafiri na wagonjwa. Mara nyingi muuguzi anayepanda gari ndiye aliyekuwa wodini, na wodi inabaki na pengo.

*Wa kuulizwa.* Ni wazi kuliko njia nyingine zote, upande wa ambulensi. Diwani unaishi naye, mkurugenzi anafika baraza la madiwani.

Inawafaa wenye hospitali karibu na watu wao wengi, na maeneo ambayo barabara zake ni ngumu kiasi kwamba gari la jirani haliwezi kufika kwa wakati kwa vyovyote vile.

Njia ya pili: mkataba wa kusaidiana na chumba kimoja cha simu

*Muda.* Kanuni yake ni fupi: gari lililo karibu ndilo linalokwenda, liwe la nani. Kwa Kigombe kanuni hiyo peke yake inabadilisha kila kitu. Kwa moto wa nyumba katikati ya mji haibadilishi chochote. Kwa ajali kubwa ndiyo yenye thamani zaidi. Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka. Waliofariki walizidi 100 na majeruhi wengine walisafirishwa hadi Muhimbili. Hakuna halmashauri moja yenye magari ya kubeba watu wengi kiasi hicho walioungua kwa wakati mmoja. Barabara ya Segera hadi Tanga nayo inapitisha malori ya mafuta kila siku.

*Amri.* Kazi ya kuamua inahama kutoka kwa mwenye gari kwenda kwa anayepokea simu, na hapa hatuanzi na karatasi tupu. M-mama inafanya kazi hivi: mhudumu anapokea simu ya 115, anauliza maswali yaliyopangwa kujua hali ya mama au mtoto, anaangalia ambulensi iliyo karibu, na ikikosekana anampigia dereva wa jamii, mtu mwenye gari lake binafsi aliyesajiliwa mapema. Dereva anampeleka mgonjwa, kituo kinachompokea kinathibitisha, na malipo yanaingia kwenye simu ya dereva. Ndugu wa mgonjwa haulizwi kama ana hela ya mafuta. Swali hilo likiondoka mlangoni kwa mtu, dakika nyingi zinaokolewa, na aibu nayo inaondoka.

Kinachobaki ni kuupanua utaratibu huo kwa majeruhi na wagonjwa wengine wa halmashauri zote nne, na kuwaweka watu wa 114 karibu na wa 115 ili ajali yenye moto na majeruhi isihitaji shuhuda apige simu mbili huku mikono ikimtetemeka.

*Fedha.* Nafuu kuanzisha, ngumu kuitunza. Mkataba lazima utaje mambo ambayo watu huona haya kuyataja wakiwa wanapeana mikono: gari la Jiji likienda Mkinga, mafuta yanalipwa na nani, likipata ajali huko, matengenezo ni ya nani, na jirani mmoja akigeuka kuwa anayesaidiwa kila mara bila kununua gari lake, wengine wafanye nini. Hili la mwisho huvunja mikataba mingi. Mwenye magari anachoka, bila ugomvi wowote anaanza kusema gari halipo. Njia ya kulizuia ni hesabu za kila robo mwaka zinazosomwa wazi mbele ya madiwani wa pande zote, na kiwango cha chini ambacho kila halmashauri inalazimika kuwa nacho barabarani.

*Watu na vifaa.* Hapa ndipo mkataba mzuri wa karatasi unaposhindwa uwanjani, kwa kitu kidogo kama kiungio cha mpira wa maji. Viungio vya Kiingereza vina dume na jike na vinasukumizwa mpaka vilie. Vya Kijerumani, vinavyoitwa Storz, havina dume wala jike. Vinakutanishwa uso kwa uso na kuzungushwa. Magari ya zimamoto ya nchi zetu yametoka nchi mbalimbali, mengine kwa kununuliwa, mengine kwa msaada, na magari mawili yenye viungio tofauti hayawezi kupeana maji bila kipande cha kuunganishia. Tangi la lita 5,000, mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, linakauka ndani ya dakika 10. Kama gari la pili limefika dakika ya tisa na haliwezi kuungwa kwenye la kwanza, ushirikiano umeishia hapo. Mitungi ya oksijeni, vitanda vya kubebea na masafa ya redio vina tabia hiyohiyo. Kabla ya sherehe ya kutia saini, magari yote yakutanishwe uwanja mmoja, Mkwakwani hata, yaunganishwe kweli na yatoe maji.

*Wa kuulizwa.* Panapwaya kidogo. Gari lisipofika, chumba cha simu kitasema kilipiga, mwenye gari atasema hakupigiwa. Rekodi za simu zenye saa ndizo zinazomaliza ubishi, na mkataba useme nani ana haki ya kuzisikiliza.

Inawafaa majirani wenye mipaka inayokatiza barabara moja, wenye uwezo unaokaribiana, na walio tayari kuandika hata mambo magumu.

Njia ya tatu: kuungana kabisa

Kuungana kuna sura mbili, na watu huzichanganya. Unaweza kuunganisha miji, zimamoto kwa zimamoto. Au unaweza kuunganisha kazi, zimamoto na ambulensi chini ya mkuu mmoja. Auburn, Algona na Pacific, miji mitatu jirani ya jimbo la Washington, Marekani, ilianzisha mamlaka moja ya zimamoto mwaka 2007, na bodi yake ni viongozi wa kuchaguliwa wa miji hiyo. Scotland iliunganisha vikosi 8 vya zimamoto kuwa kimoja Aprili 2013, lakini ambulensi ikaiacha upande wa afya. New York ilifanya la pili: mwaka 1996 huduma ya ambulensi ya jiji iliingizwa ndani ya zimamoto.

*Muda.* Chombo kimoja kinaweza kuhamisha kituo kikakiweka pale panapohitajika, hata kama ni mpakani kabisa, bila kujali kiwanja ni cha nani. Ngomeni na Kigombe wangeweza kufikiriwa kama maeneo ya kituo, jambo ambalo halmashauri moja haiwezi kulitetea mbele ya wapiga kura wa mjini. Hiyo ni faida halisi. Hatari yake ni kwamba magari yanaweza pia kuvutwa kuelekea kwenye watu wengi na mali nyingi, yaani Jiji na bandari, na Maramba ikaachiwa ahadi.

*Amri.* Moja, isiyo na ubishi. Scotland ilipunguza vyumba vya kupokelea simu kutoka 8 hadi 3, na waliopinga walihofia kwamba anayepokea simu mbali hajui mitaa ya huku. Hofu hiyo kwetu ni kubwa zaidi, mahali ambapo anwani ni "barabara ya kumi na mbili, ukipita msikiti". Mpokea simu awe mtu wa Tanga.

*Fedha.* Fundi mmoja, ghala moja la vipuri, ununuzi wa pamoja. Lakini akiba haiji mwaka wa kwanza. Kwanza kuna kulinganisha mishahara, kubadilisha sare, redio na mifumo, na kugawana madeni. Kwa Tanzania kuna mzigo wa ziada: zimamoto ni jeshi lenye amri ya kitaifa kwa upande wa Bara na si mali ya halmashauri, kwa hiyo kuiweka pamoja na ambulensi za halmashauri kunahitaji sheria, na sheria inatoka Dodoma, bungeni.

*Watu na vifaa.* Viungio vitafanana siku moja, hilo ni zuri. Watu ndio wagumu. New York, miaka mingi baada ya kuungana, wahudumu wa ambulensi bado walilalamika kwamba wanalipwa chini ya wazimamoto ilhali jengo ni moja na simu nyingi ni za wagonjwa. Muuguzi na askari wa zimamoto wamelelewa tofauti: mmoja anafuata kanuni za taaluma yake na siri ya mgonjwa, mwingine anafuata amri ya kijeshi. Ukiwaweka gari moja bila kusema nani ana kauli juu ya mgonjwa, watagombana mbele ya mgonjwa. Kwa upande mwingine, askari wa zimamoto aliyefundishwa kuzuia damu na kusukuma kifua ni hazina, na kumfundisha hakuhitaji kuunganisha chochote.

*Wa kuulizwa.* Bodi ya pamoja inaweza kuwa mbali na mwananchi. Idadi ya viti ndiyo itakayoamua: vikigawanywa kwa idadi ya watu, Jiji linashinda kila kura; vikigawanywa sawa, Jiji litauliza kwa nini lilipe zaidi na liamue sawa na wengine. Hesabu hii ifanywe kabla ya kitu kingine chochote.

Inawafaa miji iliyoshikana kiasi kwamba hujui umetoka mmoja na kuingia mwingine, iliyokwisha kusaidiana kwa miaka na kuzoeana.

Kwa hali yako

Kama wewe ni wa Jiji na hofu yako ni bandari, bohari na Chongoleani, unachohitaji kwa zimamoto ni msaada wa tukio kubwa: povu la kutosha, maji ya uhakika kutoka mtandao wa Tanga UWASA, na mazoezi ya pamoja na wenye matangi. Mkataba unatosha. Kwa ambulensi, Jiji ndilo litakalotoa zaidi ya linavyopokea, kwa hiyo dai hesabu za wazi tangu siku ya kwanza.

Muheza ina sura mbili. Upande wa Amani, linda magari na madereva wa hukohuko. Gari la Tanga halitawasaidia kupanda mlima kwa wakati. Upande wa Ngomeni na Kigombe, kanuni ya gari la karibu ndiyo ya kuipigania, na Teule iwemo kwenye mkataba tangu mwanzo, isije ikaalikwa baadaye.

Pangani na Mkinga, wenye mifuko midogo, watavutiwa na kuungana kabisa kwa sababu ya fedha. Wasikubali kabla ya kuandikiwa idadi ya magari yasiyoweza kuhamishwa kutoka kwao. Popote ambapo safari ya mgonjwa inategemea kivuko, mkataba utaje pia nani anakiamsha usiku na mgonjwa anapokelewa ng'ambo na gari lipi.

Wenye nia ya kuungana kabisa waanze na ambulensi peke yake, kwa simu, kisha kwa mafundi na vipuri, kisha kwa zamu za wauguzi. Kila hatua ipewe muda wa kuonyesha kasoro zake. Zimamoto iendelee na amri yake ya kitaifa, huku maombi ya vituo zaidi yakipelekwa kwa sauti ya halmashauri zote nne, maana barua moja yenye saini nne ina uzito.

Na kwa mwananchi kwenye mkutano wa mtaa: uliza gari la karibu na hapa linalala wapi, na likiwa safarini la pili linatoka wapi na kwa amri ya nani. Atakayejibu ataje mahali na cheo. Kama jibu ni "tutawasiliana", bado hamjachagua njia yoyote kati ya hizi tatu.